Bibi Alisema Mwili Wake Ulikuwa Dhaifu

Wiki mbili kabla ya kwenda fildi mwaka jana, maabara iliyokuwa itupokee ilituma orodha ya vitu vya kupeleka: barua ya chuo, picha mbili za pasipoti, koti jeupe, kadi ya bima na kadi ya chanjo. Vinne vya kwanza nilikuwa navyo. Cha tano kilinichekesha. Mtu una miaka 22, bodi ya mikopo inakudai, halafu unaulizwa kadi ya kliniki ya utotoni!

Nikampigia mama. Mama zetu hawatupi karatasi. Aliitoa kwenye mfuko wa nailoni unaohifadhi vyeti vya kuzaliwa, risiti za ada za sekondari na hati ya kiwanja, akaipiga picha akanitumia. Kadi imefifia na kona moja imeliwa na mende, lakini mistari inasomeka: DPT ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote kabla sijaanza hata kukaa. Baada ya hapo, patupu.

Nikamweleza mama, kwa kujigamba kidogo kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya maabara, kwamba hiyo P ni kifaduro, T ni pepopunda, na D ni dondakoo. Mama akanyamaza. Kisha akasema, "Ukienda kwa bibi, muulize habari za koo."

Nilipokwenda likizo nikamuuliza. Bibi hakulia, alisimulia huku anachambua mchele. Kabla mama yangu hajazaliwa, bibi alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne. Alianza na homa ndogo na koo. Siku ya pili sauti ikakauka. Siku ya tatu shingo ikavimba mpaka kidevu kikapotea, na pumzi ikawa inatoka kwa mkoromo. Majirani wakasema ni kimeo, akapelekwa kwa mzee wa kukata vimeo. Siku ya tano akafa.

"Mwili wake ulikuwa dhaifu, mjukuu wangu," bibi akasema. "Haukupigana. Na mimi sikumlisha vizuri."

Zaidi ya miaka 50 bibi amebeba maneno hayo. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa dondakoo, maana hakuna aliyempima mjomba wangu huyo ambaye sikumwona. Lakini kila alichokieleza bibi kimo kwenye madesa yangu ya mikrobiolojia. Na kama ilikuwa dondakoo, basi bibi amekosea jambo moja kubwa: mwili wa yule mtoto ulipigana, tena ulipigana sana. Nataka nieleze ulivyopigana, na kwa nini haikutosha.

Adui na koti lake

Bakteria anayeleta dondakoo anaitwa Corynebacterium diphtheriae. Jina la kwanza limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya rungu, kwa sababu ukimwangalia kwenye hadubini utaona vijiti vilivyonenepa upande mmoja. La pili limetoka kwenye neno la ngozi ya mnyama. Daktari Mfaransa Pierre Bretonneau ndiye aliyeuita ugonjwa huu hivyo mwaka 1826, kutokana na utando mgumu, kama kipande cha ngozi, unaotanda kooni mwa wagonjwa. Waswahili nao wakaangalia walichokiona wakakiita kwa jina lake: donda, koo.

Anasafiri kwa matone ya kikohozi na chafya. Akifika kwa mtu asiye na kinga, kwa kawaida dalili huanza baada ya siku mbili hadi tano. Weka namba hiyo akilini, tutairudia.

Kitu kingine cha kukumbuka ni koti lake. Bakteria huyu ni wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu, na wote wawili wamejifunika tabaka la mafuta magumu yaitwayo asidi za mikoli. Koti hilo linamkinga, na hilo hilo ndilo linalomtambulisha kwa walinzi wetu.

Walinzi wanashtuka

Kooni hatukukaa bila ulinzi. Kuna ute unaonasa uchafu, kuna mafindofindo pande mbili za koromeo, na chini ya ngozi laini ya koo kuna seli zinazozunguka doria usiku na mchana. Mojawapo inaitwa makrofaji, jina ambalo kwa Kigiriki ni sawa na kusema mlaji mkubwa. Na kweli ni mlaji: inakumbatia bakteria mzima na kummeza.

Swali ambalo wengi wetu hatukujiuliza tulipokuwa tunakariri kwa ajili ya mtihani ni hili: makrofaji inajuaje kwamba hiki ni kijidudu na kile ni kipande cha chakula au seli ya mwenyewe? Jibu ni vipokezi. Juu ya ngozi ya makrofaji kuna protini ambazo kazi yake ni kupapasa maumbo ambayo miili yetu haiyatengenezi kabisa. Kwa bakteria wa ukoo huu, vipokezi viwili vimechunguzwa sana maabara: kimoja kinaitwa TLR2, kingine Mincle. Vyote viwili vinashika yale mafuta ya koti. TLR2 ikishtuka, inaifanya seli itoe Mincle nyingi zaidi, na Mincle zikiongezeka seli inazidi kupiga kelele. Ni kama mlinzi wa geti aliyeona kitu asichokielewa, akamwita mwenzake mwenye tochi.

Kelele zenyewe ni kemikali ziitwazo saitokini. Zinafanya mambo matatu kwa haraka. Mishipa midogo ya damu kooni inatanuka na kulegea, ndiyo maana koo linakuwa jekundu na linavimba. Ubongo unapata taarifa na kupandisha joto, ndiyo homa. Na seli nyingine zilizomo kwenye damu zinaitwa zije eneo la tukio.

Wanaowahi kufika ni nyutrofili. Hizi ndizo chembe nyeupe zilizo nyingi kuliko zote kwenye damu yetu, na maisha yake ni mafupi. Nyutrofili inafika ndani ya saa chache, inameza bakteria, inamwaga vimeng'enya na kemikali kali kama dawa ya kufulia madoa, kisha inakufa palepale. Usaha unaouona kwenye kidonda ni maiti za nyutrofili. Mtu akikuambia mwili wake haukupigana huku koo lina usaha, mwonyeshe hao.

Kwa hiyo ile homa ndogo ya siku ya kwanza, bibi, ilikuwa kelele za walinzi wa mtoto wako.

Kumeza si kuua

Tatizo la kwanza linajitokeza hapa. Makrofaji ikimmeza bakteria, inamweka kwenye kimfuko ndani yake. Kimfuko hicho kinatakiwa kuungana na kimfuko kingine chenye asidi na vimeng'enya vya kumeng'enyea. Vikiungana, bakteria anayeyuka. Kwa vijidudu vingi habari inaishia hapo.

Bakteria wa dondakoo anajua kuchelewesha muungano huo. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba anaweza kukaa ndani ya makrofaji kwa muda akiwa hai, na wakati mwingine ni makrofaji ndiyo inayotangulia kufa. Hajafikia ujanja wa ndugu yake wa kifua kikuu, ambaye anaweza kukaa humo miaka, lakini anapata saa kadhaa za ziada. Na saa kadhaa zinatosha, kwa sababu silaha yake halisi haihitaji awe karibu na anayemuua.

Kengele ya chuma

Silaha hiyo ni sumu. Na kwanza kabisa, si mali yake.

Mwaka 1951 mtafiti Freeman alionyesha nchini Marekani kwamba bakteria wa dondakoo asiye na sumu anaweza kugeuka kuwa mwenye sumu akiambukizwa virusi. Ndiyo, bakteria nao wanaugua virusi. Virusi hivyo vinajipachika kwenye vinasaba vya bakteria na kuja na jini la sumu. Bakteria asiye na virusi hivyo anaweza kukuumiza koo, lakini lile dondakoo linaloogopwa linahitaji wote wawili, mbebaji na aliyebebwa.

Sasa, bakteria anajuaje wakati wa kuitengeneza sumu? Anaangalia madini ya chuma. Karibu kila kiumbe hai anahitaji chuma, na mwili wetu unalijua hilo, kwa hiyo una mbinu ya kuwanyima vijidudu. Damu inakifungia chuma kwenye protini moja, na nyutrofili zinamwaga protini nyingine inayokusanya chuma kilichobaki kwenye ute. Ni kama familia inayofungia sukari kabatini wageni wasiotakiwa wakiingia.

Bakteria wa dondakoo ana protini inayokaa juu ya jini la sumu kama kifuniko. Protini hiyo inashikilia pale kwa msaada wa chuma. Chuma kikiwa kingi, kifuniko kimebana na sumu haitengenezwi. Chuma kikipungua, kifuniko kinaachia. Yaani kwa bakteria huyu uhaba wa chuma ni kengele: umeshaingia ndani ya mtu, anza kazi. Mbinu ya mwili ya kumnyima chakula ndiyo inayomfungulia ghala la silaha.

Nilipoielewa sehemu hii nilifunga laptopu nikatoka nje kidogo.

Cherehani isiyosogeza kitambaa

Sumu ya dondakoo ni protini moja yenye sehemu mbili. Sehemu B ni mkono unaoshika, sehemu A ni kisu.

Sehemu B inashika kipokezi kilichopo kwenye seli zetu nyingi, zikiwemo za koo, za moyo na za neva. Seli inadhani imepokea mzigo wa kawaida, inauvuta ndani kwenye kimfuko. Kimfuko kinapoanza kuwa na asidi, kama vimfuko vyote vya seli vinavyofanya, sumu inabadilika umbo, inatoboa ukuta na kupitisha sehemu A mpaka ndani ya seli yenyewe. Kwa hiyo ile asidi ambayo ingemuua bakteria aliyemezwa, kwa sumu ni ufunguo.

Ndani ya seli, sehemu A inatafuta protini moja tu iitwayo EF-2. Kuielewa EF-2, mfikirie fundi cherehani wa pale karibu na geti. Sindano inapanda na kushuka, lakini chini yake kuna meno madogo ya chuma yanayokisogeza kitambaa. Meno yasiposogeza, sindano itatoboa sehemu moja milele na shati halitashonwa. Seli inatengeneza protini kwa namna inayofanana na hiyo: ribosomu ndiyo mashine, ujumbe wa vinasaba ndio kitambaa, na EF-2 ndiyo inayousogeza ujumbe hatua kwa hatua. Sehemu A inaibandika EF-2 kipande cha kemikali ambacho hakibanduki. Meno yanaganda. Seli inashindwa kutengeneza protini hata moja, na baada ya muda inakufa.

Sehemu A ni kimeng'enya, na kimeng'enya hakiishi baada ya kazi moja. Ikimaliza EF-2 moja inahamia nyingine, na nyingine. Mwaka 1978 watafiti wa Japani walionyesha kwamba molekuli moja tu ya sehemu A ikiingia ndani ya seli inatosha kuiua. Moja! Panya wa maabara wananusurika kwa sababu kipokezi chao kina umbo tofauti kidogo na sumu haishiki vizuri. Sisi hatukupata bahati hiyo.

Utando umetengenezwa na nani

Rudi sasa kooni. Ngozi laini ya koo inakufa kwa sumu. Damu inavuja kidogo na protini yake ya kugandisha inafuma nyuzi. Nyutrofili zinaendelea kumiminika kwa sababu kengele bado inalia, zinakufa, na nyingine zinakuja juu ya zilizokufa. Bakteria wamo katikati. Vyote hivi vinashikamana kuwa utando mzito wa kijivu uliogandamana na koo, kiasi kwamba ukijaribu kuubandua damu inatoka. Ukishuka mpaka kwenye njia ya hewa, mtoto anakosa pumzi. Shingo inavimba kwa sababu tezi za limfu, ambako seli za kinga zinakusanyika na kuongezeka, zimejaa mpaka pomoni.

Yaani ule utando unaoziba koo, sehemu kubwa yake ni maiti za askari. Mtoto wa bibi hakukosa askari. Walikuwa wengi mno mahali padogo mno, wakipigana na kitu wasichoweza kukimeza.

Maana hapo ndipo penye kiini cha jambo. Makrofaji na nyutrofili zimeumbwa kumeza vitu vyenye ukubwa wa bakteria, vyenye koti la kupapasa. Molekuli ya sumu ni ndogo mno na haina koti. Inapita katikati ya walinzi kama sindano kwenye wavu wa samaki, inaingia kwenye damu, na inakwenda kwenye moyo na neva huku bakteria mwenyewe amebaki kooni.

Mjerumani Friedrich Loeffler aliligundua hilo mwaka 1884. Aliwakuta bakteria kooni, lakini kwenye viungo vya ndani vilivyoharibika hakuwakuta, akahisi kuna sumu. Mwaka 1888, jijini Paris, Émile Roux na Alexandre Yersin walithibitisha: walichuja maji yaliyooteshewa bakteria mpaka yasibaki na hata bakteria mmoja, wakawachoma wanyama, na wanyama wakafa kwa madhara yale yale.

Mbio za siku tano

Mwili una dawa ya sumu. Inaitwa kingamwili, protini yenye umbo la herufi Y inayotengenezwa na seli B. Kingamwili sahihi ikiikamata sumu kabla haijashika seli, sumu inakuwa haina mkono. Haiwezi kushika, haiwezi kuingia, na makrofaji sasa inaweza kuifagia kwa kuishika ile kingamwili iliyogandamana nayo.

Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato, wakiwa Berlin, walionyesha kwamba kitu hiki kipo kwenye majimaji ya damu na kinaweza kuhamishwa kutoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine. Mwaka 1901 Behring akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba, ya kwanza kabisa kutolewa. Mpaka leo dawa kuu ya mgonjwa wa dondakoo ni hiyo, inayotengenezwa kutoka kwenye damu ya farasi, pamoja na viuavijasumu vya kumuua bakteria asiendelee kutengeneza sumu. Na madaktari hawasubiri majibu ya maabara kuitoa, kwa sababu inakamata sumu iliyo nje ya seli tu. Iliyokwisha kuingia haifuatwi.

Kwa nini basi mwili wa mtoto usijitengenezee kingamwili wenyewe? Unatengeneza. Ila angalia hatua zake. Seli moja ya doria inachukua kipande cha sumu na kukipeleka kwenye tezi. Huko kinaonyeshwa kwa seli T, moja baada ya nyingine, mpaka ipatikane inayokitambua. Kati ya mamilioni ya seli B, zinatafutwa zile chache ambazo kwa bahati umbo lake linakaribiana na sumu. Seli T inaziruhusu, zinagawanyika, zinafanyiwa marekebisho ili zishike vizuri zaidi, ndipo zinaanza kumwaga kingamwili. Kwa mara ya kwanza kazi hiyo inachukua wiki moja au zaidi kabla ya kingamwili za kutosha kuonekana kwenye damu.

Mjomba wangu alikufa siku ya tano.

Hapo ndipo jibu la bibi lilipo. Yule mtoto hakushindwa kwa udhaifu, wala kwa nyama ambayo hakulishwa. Mwili wake ulikuwa tayari unaandaa kile hasa kilichotakiwa. Adui aliwahi kwa siku chache.

Zile siku chache zinanunuliwaje

Mwaka 1923 Mfaransa Gaston Ramon aligundua kwamba sumu ya dondakoo ikiwekwa kemikali ya fomalini na joto, inapoteza makali yake lakini umbo lake linabaki. Kitu hicho kinaitwa toksoidi. Ni kisu kilichofanywa butu, lakini seli B ikikiona inakijua ni kisu.

Ndicho kilichomo kwenye herufi D ya kadi yangu. Chanjo ya dondakoo haina bakteria hata mmoja. Inazifundisha seli zetu silaha ya adui, na mafunzo yanafanyika kwenye tezi kwa utulivu, bila sumu halisi kumsumbua mtu. Siku hizi watoto wetu wanaipata ndani ya chanjo ya pentavalenti wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Dozi tatu zina sababu: ya kwanza inazipata seli chache zinazofaa, zinazofuata zinaziongeza na kuzinoa. Mwishoni zinabaki seli za kumbukumbu, pamoja na seli zinazokaa kwenye uboho wa mifupa zikitoa kingamwili taratibu kwa miaka. Sumu ikija, kingamwili zimeshatangulia. Zile siku unazozikosa wakati wa ugonjwa unakuwa umezinunua mapema.

Hii inaeleza pia mambo mawili yanayowachanganya watu. La kwanza, aliyechanjwa anaweza kumbeba bakteria kooni bila kuugua na kumwambukiza asiyechanjwa, kwa kuwa kinga yake inalenga sumu. La pili, aliyeugua akapona bado anatakiwa achanjwe, maana ugonjwa wenyewe si lazima umwachie kinga ya kudumu.

Kadi yangu na yako

Sasa turudi kwenye ile patupu ya kadi yangu. Kingamwili hupungua. Seli za kumbukumbu zipo, lakini sumu haisubiri ziamke. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza, baada ya zile dozi tatu za utotoni, dozi tatu za kuongeza nguvu: moja mwaka wa pili wa maisha, moja kati ya miaka 4 na 7, na moja kati ya miaka 9 na 15. Mimi sina hata moja. Niliwauliza wenzangu tisa tuliokwenda fildi pamoja. Wanne hawajui kadi zao ziko wapi. Wanaokumbuka kuchomwa kitu ukubwani ni wawili, mmoja kwa sababu alikanyaga msumari na mwingine kwa sababu alikuwa mjamzito. Chanjo ya wajawazito katika nchi nyingi siku hizi ni Td, yenye pepopunda na dondakoo pamoja, kwa hiyo dada zetu wana nafasi ambayo sisi wanaume hatuna mpaka tuitafute.

Usidhani hii ni hofu ya darasani. Umoja wa Kisovyeti uliposambaratika, chanjo zikalegea, na katika miaka ya 1990 nchi hizo zilipata wagonjwa zaidi ya 150,000 na vifo karibu 5,000. Wengi wa walioumwa walikuwa watu wazima waliokuwa wameshasahau kwamba ugonjwa huo upo. Karibu nasi zaidi, Nigeria ilianza kupata mlipuko mkubwa mwishoni mwa mwaka 2022, na Kano ndiko kulikopigwa zaidi. Mabweni yetu, wanane chumba cha wanne, ni koo moja refu.

Kwa hiyo fanya mambo mawili wiki hii, kabla bumu halijaisha na akili haijahamia kwenye mitihani. Mpigie mama, umwombe picha ya kadi. Kisha nenda kituo cha afya uulize kuhusu Td. Mimi nilipokwenda mara ya kwanza, muuguzi aliniambia chanjo hiyo ni ya wajawazito, nikarudi. Mara ya pili nilikwenda na picha ya kadi na maelezo, nikachomwa. Mkono uliuma siku mbili. Zilikuwa seli zangu zikipiga kelele. Safari hii nilizielewa.

Na ukiona mtu ana koo lenye utando wa kijivu na shingo imevimba, usimwache akakwanguliwa wala kukatwa kimeo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Sasa unajua kwa nini saa zinahesabika.

Bibi nilimweleza yote haya jioni moja, bila TLR2 wala EF-2. Nilimwambia kuhusu askari, sumu, na siku zilizopungua. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo ningempa nyama, asingepona?"

Nikamwambia, "Asingepona, bibi."

Akaendelea kuchambua mchele. Baada ya muda akanitajia jina la mjomba wangu. Hilo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu.